Kutoka Winam hadi bahari kuu: mwongozo kamili wa ubaharia kwa kijana wa magharibi mwa Kenya

Hata kama umeendesha boti miaka kumi kati ya Mbita na Luanda K'Otieno, na unajua upepo wa ghuba ya Winam hugeuka saa ngapi na injini ikikohoa ugonjwa uko wapi, hiyo miaka kumi haikupi hata siku moja ya muda wa bahari, yaani muda wa kazi melini unaohesabiwa kwa cheti. Mkataba wa kimataifa unaosimamia vyeti vya mabaharia, ule unaojulikana katika kila bandari kwa herufi STCW, unapotaja meli ya baharini unaviacha nje vyombo vinavyotembea maji ya ndani tu. Na Ziwa Victoria, pamoja na kilomita zake za mraba karibu 68,800 na dhoruba zake zote, ni maji ya ndani.

Naanza na hilo kwa sababu vijana wengi wa huku kwetu hulijua wakiwa wameshalipa karo. Darasa la ubaharia linapatikana Kenya. Kinachokosekana ni meli ya kukuchukua kwa miezi ya mafunzo baada ya darasa. Kwa hiyo, katika kila hatua iliyo hapa chini, jiulize swali moja: hii inanisogeza karibu na ile miezi, au inakula pesa tu?

Kisumu na meli ni habari ya zamani

Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Lakini meli ilitangulia reli. SS William Mackinnon iliundwa Scotland, ikasafirishwa vipande vipande, sehemu ya safari ikiwa juu ya vichwa vya wapagazi, ikaunganishwa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900. Zilizofuata, Winifred, Sybil, Clement Hill, zilikuja vivyo hivyo: vipande ndani ya masanduku, na mafundi wakizisubiri ufukweni. Hata MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilitengenezwa Glasgow ikaja kuunganishwa Kisumu. Baada yake zikaja Umoja na Uhuru, meli zenye reli juu ya sitaha ili mabehewa yaingie moja kwa moja.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, hata meli ziligawanywa: Victoria na Umoja zikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki kwetu. Uhuru ilikaa bila kazi miaka mingi hadi iliporejea majini mwishoni mwa 2019. Ndugu yake mdogo, MV Uhuru II, ameundwa hapa hapa Kisumu na Kenya Shipyards Limited.

Ukiitazama historia hiyo vizuri utaona kwamba sifa ya Kisumu ni mafundi kuliko manahodha: watu wa kuunganisha mabamba ya chuma, kufunga injini na kukarabati meli ikiwa ndani ya gudi. Hilo lina maana kwa uamuzi wako wa kwanza.

Hatua ya kwanza: chagua upande wa meli

Upande wa sitaha unahusika na urambazaji, shehena, nanga na kamba, na mkubwa wake ni nahodha. Upande wa injini ni mitambo, jenereta, pampu na mabomba, chini ya mhandisi mkuu. Tangu marekebisho ya STCW yaliyofanyiwa Manila mwaka 2010, afisa wa umeme na elektroniki naye ana cheti chake. Halafu kuna jikoni na huduma, idara ndogo kwenye meli za mizigo lakini kubwa sana kwenye meli za watalii.

Wengi hukimbilia sitaha kwa sababu ya kofia ya nahodha. Mimi ningemwambia kijana wa Kakamega, Siaya au Nakuru aitazame injini kwanza, kwa sababu ya hesabu ya miezi. Kwa cheti cha afisa wa zamu wa sitaha, STCW inataka angalau miezi 12 ndani ya meli chini ya programu iliyoidhinishwa. Ukiwa nje ya programu hiyo, ni miezi 36. Kwa mhandisi wa zamu, ile miezi 12 inaruhusiwa kuchanganya kazi ya karakana na kazi ya melini, mradi angalau miezi 6 iwe zamu katika chumba cha injini. Pengo la miezi sita linaonekana dogo kwenye karatasi. Mtafute kadeti, yaani mwanafunzi wa uafisa wa meli, anayesubiri nafasi ya meli, akueleze miezi sita ni nini.

Tena, msingi wa ufundi unaupata karibu na nyumbani: Sigalagala kule Kakamega, Kisumu National Polytechnic, au Rift Valley National Polytechnic pale Nakuru. Mtu mwenye stashahada ya ufundi mitambo, au anayejua kuchomelea chuma vizuri, hasubiri meli akiwa na njaa; atapata kibarua bara huku barua zake zikizunguka. Melini kuna nafasi ya fundi wa kuchomelea na kuchonga vipuri, na mtu akiifanya kwa mikono safi meli haitaki kumwachia.

Kuhusu meli za watalii: kama umesomea hoteli, ni mlango wa kweli na Wakenya wengi wameupitia. Ila jua kwamba miezi ya kuhudumia meza au kutandika vitanda haihesabiki kwa cheti cha sitaha wala cha injini. Mtu akikwambia "ingia tu kama mhudumu, utapanda hadi afisa," anakudanganya, au yeye mwenyewe amedanganywa.

Hatua ya pili: pima macho kabla ya kulipa chochote

Hatua hii watu huiweka mwisho, na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Miwani si kizuizi; unaweza kufaulu ukiwa umeivaa. Kinachofunga mlango ni rangi. Usiku, afisa anatambua meli nyingine inaelekea wapi kwa taa zake, nyekundu ubavu wa kushoto na kijani ubavu wa kulia. Asiyetofautisha rangi hizo hapewi zamu ya sitaha, na hakuna dawa wala miwani ya kumsaidia. Injini ina kiwango chake pia, chepesi kidogo. Pita Hospitali ya Macho ya Sabatia kule Vihiga, au kliniki yoyote ya macho iliyo karibu, uombe kipimo cha kutambua rangi. Mchana mmoja unatosha kukuokolea karo ya miaka mitatu.

Cheti rasmi cha afya ni jambo jingine. Kinatolewa na daktari aliyeidhinishwa na Kenya Maritime Authority, yaani KMA, na hudumu miaka miwili, au mmoja kwa aliye chini ya miaka 18. Usikichukue mapema, kitakuishia mkononi ukiwa bado unatafuta meli.

Na jifunze kuogelea. Inashangaza ni wangapi waliozaliwa hatua chache kutoka ziwani na maji yakiwafika kifuani wanashikwa na woga. Tumia bwawa la kuogelea badala ya ufuo wa Dunga: kichocho kipo, viboko wapo, na mwalimu hayupo.

Hatua ya tatu: masomo na chuo

Hesabu, fizikia na Kiingereza. Kwa shahada utahitaji C+ na kwa stashahada C-, pamoja na alama nzuri katika masomo ya kundi husika. Kwa kozi za ufundi za ngazi ya chini, alama za chini ya hapo hupokelewa. Kiingereza hakikwepeki, kwa kuwa redio, ramani na vitabu vya mitambo vyote ni Kiingereza, na mhandisi wako mkuu huenda akawa Mfilipino au Mhindi.

Chuo kinachotajwa zaidi ni Bandari Maritime Academy, Mombasa. Kilianza mwaka 1980 kama Bandari College, kikabadilishwa kuwa akademia ya ubaharia mwaka 2018. Chuo kikuu cha JKUAT kinafundisha uhandisi wa meli kwa ngazi ya shahada, na Technical University of Mombasa nayo ina kozi za bahari. Ng'ambo ya mpaka kuna Dar es Salaam Maritime Institute, na sioni aibu kumpeleka mtoto huko kama karo na nafasi vinaruhusu.

Kabla ya kujaza fomu, ipigie simu ofisi ya chuo uulize haya bila haya. Kozi hii imeidhinishwa na KMA kwa cheti gani hasa cha STCW? Nitapewa kitabu cha kumbukumbu za mafunzo ya kadeti? Katika darasa lililomaliza mwaka juzi, wangapi wamepanda meli, na meli zipi? Swali la mwisho ndilo lenye uzito. Kozi za usimamizi wa bandari na usafirishaji ni nzuri na zina kazi, lakini hazikufanyi baharia, na majina yake kwenye matangazo hufanana sana na zile zinazokufanya.

Hatua ya nne: mafunzo ya msingi ya usalama

Hapa kila mtu wa melini hupita, awe kadeti, mpishi au mwanamuziki wa meli ya watalii anayepewa majukumu ya usalama. Ni mambo manne: kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wako binafsi pamoja na wajibu wa kuishi na wenzako. Juu yake kuna mafunzo mafupi ya ulinzi wa meli.

Jiandae kimwili. Utaruka majini ukiwa na jaketi la kujiokoa, utageuza boya la mpira lililopinduka huku ukielea, utaingia chumba chenye moshi ukiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Sehemu za kujiokoa na kuzima moto unatakiwa kuthibitisha kila miaka mitano kwamba bado unaziweza. Ukitaka meli za mafuta au gesi, kuna kozi ya ziada ya meli za tangi; ichukue tu pale kampuni inapoitaka au ukiwa na hakika ya upande huo. Usijaze vyeti kabatini kwa pesa ya mkopo.

Hatua ya tano: karatasi

Hapa nitapita haraka. Pasipoti unaomba kupitia eCitizen na kumalizia ofisi ya uhamiaji Kisumu. Cheti cha tabia njema cha polisi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, inayodumu maisha yote, ila uchomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Kisha kitabu cha baharia kutoka KMA, kile kinachoandikwa kila meli uliyopanda na siku uliyoshuka. Kitunze kuliko simu yako. Siku ya mtihani, muda wa bahari ambao haukuandikwa na kugongwa muhuri ni hadithi tu.

Piga picha ya kila ukurasa wa kila karatasi, uziweke kwenye barua pepe yako.

Hatua ya sita: kuitafuta meli

Mwaka 2010 Kenya iliingia kwenye orodha nyeupe ya IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya bahari, kwa hiyo vyeti vya KMA vinatambulika. Lakini kutambulika hakuleti meli. Meli kubwa zenye bendera ya Kenya ni chache mno, ndiyo sababu kadeti wetu hutegemea kampuni za nje zilizo na uhusiano na mawakala wenye leseni.

Andika barua mapema, ukiwa bado mwaka wa mwisho. Tuma kwa kampuni zenyewe, idara ya wafanyakazi wa melini, pamoja na kwa mawakala. Ukipata nafasi ya baharia wa kawaida badala ya kadeti, usiidharau: kwa cheti cha baharia msaidizi wa zamu, STCW inakubali miezi 6 ya uzoefu na mafunzo, au kozi maalumu pamoja na miezi 2 ya bahari. Meli za uvuvi ni kazi halali pia, ila zina mkataba wao, STCW-F, kwa hiyo usizipande ukidhani utazigeuza kuwa cheti cha meli za mizigo.

Sasa kuhusu mawakala, hapa pesa nyingi za harambee huzama. Mjomba ameuza ng'ombe, kanisa limechanga, na mtu mwenye ofisi ya chumba kimoja anasema nafasi ipo Ugiriki, lipa ada ya kushikilia. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza kumtoza baharia ada ya kupatiwa kazi. Gharama pekee zinazoweza kuwa zako ni cheti cha afya, kitabu cha baharia, na pasipoti au hati ya safari ya namna hiyo. Hata viza ni juu ya mwenye meli. Anayedai ada ya usajili, ya kushikilia nafasi au ya kuharakisha, amekwisha kukuonyesha yeye ni nani.

Fanya hivi. Kwanza, iulize KMA kama wakala huyo ana leseni inayoendelea. Pili, taka jina la meli na namba yake ya IMO, ambayo ni tarakimu saba. Namba hiyo unaweza kuikagua kwa kalamu: zidisha tarakimu ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 6, ya tatu kwa 5, ya nne kwa 4, ya tano kwa 3, ya sita kwa 2, ujumlishe zote. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na tarakimu ya saba ya namba. Tuchukue 9074729: 63, 0, 35, 16, 21 na 4 jumla yake ni 139, inaishia 9, na namba inaishia 9. Tapeli aliyebuni namba kichwani mara nyingi huanguka hapo hapo. Ikipita, ingia Equasis, tovuti ya bure, uone meli hiyo ni ya nani, ina miaka mingapi, na imezuiliwa bandarini mara ngapi kwa ubovu.

Hatua ya saba: mkataba kabla ya kupanda

Usome mkataba nchi kavu, si kwenye ngazi ya meli. Utafute jina la mwenye meli au anayemwakilisha, mshahara kwa mwezi, muda wa mkataba, likizo, matibabu, na nani analipa nauli ya kurudi nyumbani. Kipimo cha kujilinganisha nacho: kiwango cha chini cha ILO, shirika la kazi duniani, cha mshahara wa msingi wa baharia mwenye ujuzi kilikuwa dola 673 kwa mwezi kuanzia Januari 2025. Kadeti hulipwa chini ya hapo, lakini baharia kamili anayepewa dola 300 anaibiwa.

Una haki ya kupumzika saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Utaona vitabu vya saa vikijazwa visivyo kweli. Weka chako mwenyewe. Mshahara ukikaa miezi miwili bila kulipwa, au mwenye meli akatoweka, sheria inakuhesabu umetelekezwa, na bima ya meli inapaswa kulipa hadi miezi minne ya mshahara pamoja na nauli. Karatasi ya bima hiyo lazima ibandikwe melini mahali pa wazi. Siku ya kwanza, itafute uipige picha. Namba za simu za ITF, shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa usafiri, ziandike kwenye daftari, maana simu huanguka majini.

Nakala ya mkataba, jina la meli na namba ya IMO mwachie mama au ndugu nyumbani. Mkataba wa 2006 pia unakuruhusu kuelekeza sehemu ya mshahara iende moja kwa moja kwa familia. Panga kiasi hicho kabla ya kuondoka, ili kila harusi na kila mazishi ya kijijini yasikupigie simu ukiwa katikati ya bahari ya Hindi.

Kama ziwa linakutosha

Si lazima uende mbali. Kisumu ina bandari, ina karakana ya meli na gati la mafuta, na vyombo vya abiria vinatafuta watu wanaojua kazi. Kwa upande huu uzoefu wako wa boti una thamani, na kinachokosekana huwa ni karatasi. Ofisi ya KMA Kisumu ndipo pa kuulizia mafunzo na leseni za waendesha vyombo vidogo.

Usiyachukulie kama masomo ya daraja la pili. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Kila moja ilikuwa imebeba watu kupita kiasi, na mamia walikufa. Somo la uthabiti wa chombo, jinsi uzito ukipanda juu chombo kinavyopoteza nguvu ya kujirudisha wima, ndilo hilo hilo linalofundishwa Mombasa kwa kadeti wa meli za makontena. Na kuna jambo mtu wa ziwa analielewa haraka kuliko wa pwani: maji yasiyo na chumvi ni mepesi, kwa hiyo meli ile ile yenye shehena ile ile huzama chini zaidi ndani yake. Ndiyo maana ubavuni mwa meli kuna alama ya F juu ya ile ya maji ya chumvi. Swali hilo huja kwenye mtihani.

Baada ya cheti cha kwanza

Ukishapata miezi yako, kitabu cha mafunzo kikajazwa na kutiwa sahihi, unarudi KMA kwa mtihani, ukiwemo wa mdomo mbele ya mtahini ambaye mara nyingi mwenyewe amekuwa baharini. Huko, jibu fupi lililo sahihi linashinda hotuba. Ukiwa afisa wa zamu, miezi 12 mingine inakufikisha kwenye mtihani wa msaidizi wa kwanza wa nahodha. Unahodha wa meli kubwa unataka 36, au 24 ikiwa 12 kati yake ulikuwa msaidizi wa kwanza. Upande wa injini nao una ngazi zake hadi mhandisi mkuu.

Cheti cha umahiri hukaguliwa upya kila miaka mitano, na njia ya kawaida ya kukihuisha ni kuonyesha miezi 12 ya bahari ndani ya miaka hiyo mitano. Wapo waliorudi nyumbani, wakafungua duka Kondele au kununua matatu, wakastuka cheti kimelala. Ukipitwa na muda huo, miezi mitatu baharini ndani ya miezi sita iliyotangulia nayo hukubaliwa, kwa hiyo weka tarehe ya mwisho ya cheti kwenye kalenda na uanze kutafuta mkataba mfupi mwaka mmoja kabla yake.